Bolti Saba na Betri Moja

Zenovii Pryimak aliisukuma kalamu kwa kidole kimoja mpaka ikarudi upande wa pili wa meza. Ilikuwa mara ya tatu asubuhi ile.

"Sitii sahihi," alisema.

Meja Hnat Perepelytsia, mkuu wa polisi wa Sosnivtsi, aliitazama kalamu, kisha akamgeukia Kapteni Orysia Babych aliyesimama dirishani na kikombe cha kahawa iliyopoa.

"Umemsikia? Mtu wa miaka sabini na mmoja, mwalimu mstaafu, anagoma kama mtoto wa chekechea."

"Mtoto wa chekechea angeshatia, Meja," alisema mzee. "Mngempa pipi tu."

Karatasi iliyokuwa mezani ilikuwa na sentensi nne. Ilisema kwamba jana mchana, katika ukumbi wa wanaojitolea, kisanduku cha umeme alichokiunda Zenovii Pryimak kwa ajili ya wanajeshi kiliwaka moto na kumuunguza mikono mtunza ukumbi, Motria Kvasha. Ilisema kosa ni la Pryimak, kwa kuwa aliunganisha vibao vinne vya chaja sambamba ili kupata mkondo mkubwa kuliko betri zinavyoweza kuhimili. Akitia sahihi, atashtakiwa kwa uzembe, na visanduku vyake vingine thelathini na sita, ambavyo gari la kwenda mstari wa mbele lilikuwa livichukue saa tisa mchana, vitapelekwa kusagwa.

Uliana, binti yake wa pekee, alikuwa mganga wa kikosi kilichokuwa kikivisubiri. Taa ya kichwani anayoshonea majeraha ilikuwa ikila umeme wa kisanduku cha baba yake tangu majira ya baridi, na kile cha kwanza kilikuwa kimechoka.

"Una mpaka saa tisa, Kapteni," alisema Meja. "Bwana Lobas ameshanipigia mara mbili. Mwenyekiti wa kamati nzima ya wanaojitolea, mtu anayeheshimika mji mzima, ameandika malalamiko kwa mkono wake. Nipatie sahihi nifunge faili."

Akatoka. Orysia alivuta kiti akaketi.

"Zenovii Ostapovych," alisema, kwa jina lake na la baba yake, kama alivyomwita miaka ishirini iliyopita, mzee alipomfelisha mtihani wa umeme. "Nieleze kama darasani."

"Darasani ulikuwa unalala."

"Leo niko macho."

Mzee alimpima kwa macho kidogo, kisha akachukua ile karatasi ya kukiri kosa, akaigeuza nyuma na kuchora.

"Kibao kimoja cha chaja kinatoa ampea moja. Kisanduku changu kina betri nane za kompyuta kuukuu, zimeungwa pamoja. Kwa kibao kimoja, kujaa kutachukua muda wa saa kumi na sita. Nani leo anapata umeme muda wa saa kumi na sita mfululizo? Wewe unapata?"

"Nikiupata nafua nguo."

"Basi. Naunga vibao vinne. Vyote vinakula chanzo kimoja, vyote vinamimina kwenye betri zilezile. Muda wa saa nne kisanduku kimejaa. Waya ninazoweka ni nene. Kila kibao nakipima, kinachozidi wenzake volti nakitupa. Kila betri naipima pia, na inayofaulu naitia tone la rangi ya kucha."

"Rangi ya kucha?"

"Ya marehemu mke wangu. Nyekundu ya cheri. Aliacha chupa sita, mimi nitaipaka wapi?"

Orysia hakucheka. "Ripoti inasema ampea nne ni nyingi mno."

"Kwa nani? Wapishi wanne wanapakua mchuzi, bakuli ziko nane. Kila bakuli inapata nusu upawa. Hakuna inayofurika."

"Na bakuli ikiwa moja?"

Mzee aliinua kichwa.

"Ikiwa moja, ni balaa. Lakini mimi sijaunda kisanduku cha betri moja maishani mwangu." Alikunja ile karatasi kuwa ndogo sana. "Maganda ya betri ni ya chuma, binti. Moto ule hauyamalizi. Nenda kayahesabu. Ukikuta manane, rudi na kalamu yako."

Mabaki ya moto yalikuwa kwenye sinia la bati katika chumba cha vielelezo. Orysia alivaa glavu, akatandaza gazeti na kuanza kutenga. Plastiki iliyoyeyuka aliiweka kushoto. Vibao vinne vya chaja, vyeusi lakini vimeshikana bado, aliviweka kulia. Alikagua waya: shaba ilikuwa imara, wala haikuyeyuka kwenye maungio. Kama mkondo ungezidi nguvu ya waya, pale ndipo pangeanza kuungua. Hapakuungua.

Ganda la betri lilikuwa moja, limepasuka ubavuni.

Alichambua jivu mara ya pili, kisha ya tatu kwa kibano. Lilikuwa moja tu. Mkaguzi wa zimamoto alikuwa ameandika vizuri kabisa, kwa mwandiko wa mtu mwenye haraka ya kwenda kula: *Ganda la betri, moja, mengine yameteketea. Bolti za rafu, saba.*

Bolti zilikuwepo pia, nene kama kidole. Orysia alichukua moja akailaza kando ya lile ganda. Urefu ulilingana karibu sawasawa.

Alifungua tena malalamiko ya Severyn Lobas. Safari hii aliyasoma polepole. *Kisanduku kilijiwakia chenyewe wakati soketi hazina umeme wowote, jambo linaloonyesha kuwa vifaa hivi ni hatari hata vikiwa vimepumzika.* Chini yake palikuwa na maelezo ya Motria Kvasha, aliyoyatoa hospitalini huku akifungwa bandeji. *Nilikuwa nimetoka kuweka birika la umeme jikoni.*

Birika la umeme halichemki bila umeme. Mmoja kati ya wale wawili alikuwa amekosea au alikuwa anadanganya, na mikono iliyoungua ilikuwa ya Motria.

Kabla ya kutoka, alikwenda ghorofa ya juu kwa jaji na kuomba kibali cha upekuzi, na nafasi ya jina akaiacha wazi. Jaji alimwambia arudi na jina kwanza. Alikuwa na haki.

Ukumbi wa wanaojitolea ulikuwa na harufu ya kabichi na plastiki iliyoungua. Motria Kvasha, mjane mpana wa miaka sitini na ushei, alikuwa ameketi mbele ya wavu wa kufichia magari ya jeshi, akiwaelekeza wanawake wengine watatu kwa kidevu kwa sababu mikono yake ilikuwa imefungwa mpaka viwiko.

"Kijani hicho kimezidi, Paraska! Tunaficha kifaru, hatufichi saladi." Alimwona Orysia. "Aha. Polisi. Mmemtoa yule mzee?"

"Bado. Bibi Motria, funguo za hapa wanazo akina nani?"

"Mimi, mzee, na mwenyekiti wetu. Sasa unanishuku mimi."

"Betri saba zimeibwa kwenye kile kisanduku, na mpwa wako anauza betri sokoni."

Motria aliinua mikono yake miwili ya bandeji mpaka usoni pa Orysia.

"Anauza, ndiyo. Na mimi nikaiba, kisha nikakibeba kisanduku kinachotapika moto mpaka uani kwa mikono hii, ili nisigundulike. Nina akili kweli! Niandike, niandike hapo kwenye daftari lako."

"Naandika," alisema Orysia, na kweli akaandika. "Nioneshe rafu."

Rafu ilikuwa ya mbao za makreti, kona moja imekuwa mkaa. Orysia alipitisha tochi chini na pembeni. Ilikuwa imepigiliwa misumari mwanzo hadi mwisho, haina bolti hata moja.

"Jana umeme ulirudi saa ngapi?"

"Saa nane kamili, nikaweka birika. Saa nane na dakika ishirini nikasikia mlio kama nyoka aliyekanyagwa."

"Mwenyekiti ameandika kuwa hapakuwa na umeme."

"Yeye atajua wapi? Anakuja kupiga picha na kuondoka." Motria alielekeza kidevu mlangoni. "Soma hapo. Jumatatu tumehamishwa. Tulikuwa kundi la tano la mgao, sasa ni la pili. Giza letu linaisha saa nane, la tano linaisha saa kumi."

Orysia alisoma tangazo, akalipiga picha. Kisha akauliza swali ambalo katika mji wowote mwingine lingekuwa la kipumbavu. "Na kisanduku kilikuwa kimechomekwa wakati wa giza?"

Wanawake wote wanne walimtazama kwa huruma.

"Wewe nyumbani kwako unachomoa?" aliuliza Paraska.

Hachomoi. Hakuna anayechomoa. Mji mzima umelala, umeamka na umekwenda kazini kila kitu kikiwa kwenye soketi, ili umeme ukirudi ghafla usipotee hata dakika moja.

Visanduku thelathini na sita vilikuwa vimepangwa ukutani tayari kwa safari. Orysia alibonyeza kitufe cha kimoja. Taa nne za kijani ziliwaka. Alibonyeza cha pili, cha tatu, cha kumi. Vyote vilimjibu taa nne. Ilikuwa ni lazima. Betri zilizoungwa sambamba, iwe moja au nane, volti ni ileile, na taa zile husoma volti tu. Mtu anaweza kukomba betri saba, akaacha moja, na kisanduku kikaapa kuwa kimeshiba. Hilo alilikumbuka kutoka kwenye mtihani aliofeli.

"Una mizani, bibi?"

"Ya viazi."

"Ilete."

Walipima kimoja kimoja, Paraska akiandika kwa chaki sakafuni. Kisanduku kizima kilikuwa na gramu mia sita, kupungua au kuzidi kidogo. Vitano vilipita mia saba na sabini.

"Vizito zaidi?" alisema Motria. "Mwizi gani anayeongeza?"

"Asiyejua uzito wa betri."

Alifungua skrubu nne za kile cha kwanza. Kando kulikuwa na betri moja yenye tone la rangi ya cheri. Penye nafasi ya nyingine saba zilikaa bolti saba, kila moja imeviringishiwa kipande cha karatasi isigongane na mwenzake. Paraska alitoa tusi ambalo halikuingia kwenye daftari.

Orysia alizinyoosha karatasi mezani na kuziunga. Ilikuwa ratiba ya mgao ya wiki iliyopita, ile ambayo kila familia huibandika mlangoni pa friji. Juu iliandikwa *Kundi la Tano*. Pembeni ya kila kipindi cha giza kulikuwa na alama ya penseli na maneno yaleyale: *pampu kwenye betri*.

"Wewe unakaa kundi gani, bibi?"

"La pili. Nyumba yangu ni ile pale."

"Na Zenovii Ostapovych?"

"Ukuta kwa ukuta na mimi. Nasikia anavyokoroma." Motria alikuwa ameshaelewa. Uso wake ulikuwa umeiva kwa hasira. "Maghorofa ya mtoni ndiyo kundi la tano. Lobas! Mshenzi yule alikuja hospitali na maua!"

Saa saba na nusu jaji alitia sahihi kibali chenye jina, kando ya bakuli lake la supu ya borshchi. Saa nane kasorobo Orysia alikuwa kwenye ngazi za ghorofa la mtoni. Kundi la tano lilikuwa gizani, lifti imekufa. Alipanda mpaka orofa ya tisa kwa tochi, akiwa na konstebo mmoja, na njiani akagonga milango miwili kuomba mashahidi, kwani sheria inataka upekuzi uonwe na raia wawili. Alimpata dereva wa trekta aliyekuwa likizo na bibi kizee mwenye mshumaa na kitabu.

Severyn Lobas alifungua akiwa na sweta safi.

"Kapteni! Mzee amekubali?"

"Kalamu haijampendeza. Nina maswali mawili matatu. Jana ulifika ukumbini?"

"Kama saa saba. Nilihesabu visanduku kwa tochi nikaondoka. Gari lilikuwa lije leo saa tisa, lazima mtu awajibike."

"Uligusa kile kilichokuwa kwenye chaja?"

"Kwa nini nikiguse?"

"Na umeandika kiliwaka bila umeme kwenye soketi."

"Ndivyo ilivyo! Muda ule wa saa nane giza tupu. Umeme ulirudi saa kumi. Muulize yeyote katika jengo hili."

"Jengo hili, ndiyo," alisema Orysia. "Ukumbi umehamishwa kundi la pili tangu Jumatatu. Umeme ulirudi saa nane. Tangazo liko mlangoni, umelipita ukiingia na ukitoka."

Lobas alifungua mdomo. Kabla hajajibu, wote walisikia kitu ambacho hakikupaswa kusikika katika jengo lisilo na umeme. Kilikuwa kinabubujika.

Orysia alimwonesha kibali na kuingia sebuleni. Tangi la kioo lilijaza ukuta mzima, lina mwanga wa buluu, na ndani yake samaki wa rangi ya machungwa, wakubwa kama viganja, walikuwa wakipita taratibu katikati ya mapovu.

Bibi kizee alisimama mlangoni na mshumaa wake.

"Severyn," alisema. "Mimi nasoma kwa mshumaa mpaka macho yananitoka. Samaki wako wana taa?"

"Hawawezi kukaa bila hewa! Dakika ishirini tu wanaanza kuhema. Nimewalea miaka minane, nyinyi hamwelewi..."

Konstebo alifungua kabati lililobeba tangi. Betri zilikuwa zimepangwa safu kwa safu na kufungwa kwa utepe. Orysia alipiga magoti, akazihesabu kwa sauti ili mashahidi wasikie. Zilikuwa arobaini na mbili, saba mara sita, na kila moja ilikuwa na tone la rangi ya kucha.

"Hii ndiyo jana yako," alisema bila kuinuka. "Vile vitano ulivikomba vikiwa vimeshajaa, vikatulia. Cha sita ulikikuta kwenye chaja. Ukatoa betri saba, ukaweka bolti, ukakiacha kilivyokuwa, kimechomekwa. Ulipanga umeme ukirudi saa kumi upite uchomoe bila mtu kujua. Ila umeme ulirudi saa nane, na vibao vinne vikaimiminia betri moja chakula cha nane."

"Sikutaka mtu aungue."

"Ulitaka mzee afungwe."

"Vingesagwa, hakuna ambaye angefungua..." Lobas alikatiza maneno yake mwenyewe. Dereva wa trekta alitazama chini, mikono imekunjwa ngumi mifukoni.

Konstebo alichomoa waya wa kwanza. Mapovu yakaisha.

"Watakufa!" alisema Lobas. Machozi yalimlenga kweli, na hilo lilimuudhi Orysia kuliko uongo wote.

"Mkeo ana mikono?"

"Ana..."

"Basi akoroge maji mpaka saa kumi. Kuna msichana kule anashona watu kwa taa inayofifia. Vaa koti."

Saa tisa kasoro dakika tano gari lilikuwa uani mwa ukumbi, mlango wa nyuma wazi. Meja Perepelytsia naye alikuwepo, amekuja na karatasi ya kusaga vifaa na simu isiyoacha kuita. Orysia alimwekea juu ya boneti kitu kimoja kimoja: ganda la betri, bolti, ratiba ya kundi la tano, na maelezo ya Lobas yenye sahihi tatu. Meja alisoma mpaka mwisho. Simu iliita tena, akaitazama, akaizima.

"Ungeweza kuniambia kabla ya kumkamata mtu kama yule," alisema.

"Ungenikataza."

"Ningekukataza." Alikohoa. "Visanduku vitano vilivyokombwa vinabaki. Na betri zile ni kielelezo, hazitoki kabla ya kesi."

"Betri zinapigwa picha, zinaandikwa namba, zinarudi leo," alisema Orysia. "Kielelezo nitamwachia hakimu bolti. Anazo thelathini na tano nzima na saba zilizoungua. Kama hazimtoshi, aniite mimi."

Motria aliyekuwa mlangoni alisema kwa sauti ya kutosha kwamba yeye naye aitwe, na ana mengi ya kusema.

Zenovii Pryimak alishushwa kwenye gari la polisi bila pingu. Hakumsalimu Meja. Alikwenda moja kwa moja kwa visanduku, akanyanyua kimoja kila mkono kupima uzito, akavirudisha, akanyanyua vingine. Alivipitia vyote thelathini na kimoja namna hiyo, dereva akitazama saa yake na wala asithubutu kusema neno. Mwisho mzee aligeuka akanyoosha kiganja.

"Kalamu," alisema.

Meja alisita. "Kalamu ya nini?"

"Ileile. Tangu asubuhi unanibembeleza nitie sahihi. Nipe."

Meja aliitoa mfukoni akampa. Mzee aliinama juu ya kisanduku cha kwanza na kuandika kwenye kifuniko, kwa herufi kubwa za ubaoni, jina lake, la baba yake na la ukoo. Chini yake akaongeza: *Vibao vinne, betri nane. Nimeunga mimi.* Akakisukuma garini, akavuta cha pili.

"Zenovii Ostapovych, gari linachelewa," alisema Orysia.

"Liache lichelewe. Nishikie hiki," alisema mzee, akampa kisanduku cha tatu.